Historia ya Binadamu, Kuanzia Zamadamu hadi Miji ya Leo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyo hapa ndiyo yanayorudiwa zaidi na wanafunzi, wazazi wanaosaidia watoto kazi za nyumbani, na wageni wa makumbusho. Yamepangwa kuanzia ya msingi hadi yale yenye utata, na pale ambapo jibu limekwisha kutolewa, msomaji anaelekezwa kwenye swali husika. KK ni kabla ya Kristo, na BK ni baada ya Kristo.

## Misingi

1. Je, binadamu ametokana na sokwe? Na kama ni hivyo, mbona sokwe bado wapo?

Hakuna mtaalamu anayedai kwamba sokwe wa Gombe au Mahale ni babu wa mtu yeyote. Kinachosemwa ni kwamba binadamu na sokwe ni matawi mawili ya ukoo mmoja, na kwamba mzee wao wa pamoja aliishi Afrika yapata miaka milioni 6 hadi 7 iliyopita. Anayeuliza kwa nini sokwe bado wapo ni kama anayeshangaa kwamba binamu zake wako hai ilhali babu yao ni mmoja. Uzao wa yule mzee uligawanyika, kila tawi likashika njia yake, na sokwe nao wamekuwa wakibadilika kwa muda uleule tuliobadilika sisi. Undugu huo unasomeka hata leo katika vinasaba, ambavyo kati ya binadamu na sokwe vinafanana kwa takribani asilimia 98 hadi 99, kutegemea namna ya kuvihesabu.

Lawama kubwa ya mkanganyiko huu inaiangukia ile picha ya vitabuni inayoonyesha mnyama aliyeinama akiinuka hatua kwa hatua mpaka anakuwa mtu aliyesimama wima. Picha hiyo inapendeza ukutani, lakini inamfanya mwanafunzi aone foleni mahali ambapo palikuwa na ukoo mpana wenye matawi mengi, na mengi kati ya hayo yalikatika bila kuacha uzao.

2. Zamadamu ni nani hasa?

Zamadamu ni jina la jumla la viumbe wa tawi letu walioishi baada ya kutengana na tawi la sokwe na kabla ya binadamu wa leo. Miongoni mwa wakongwe wanaojulikana ni Sahelanthropus, ambaye fuvu lake lilipatikana nchini Chadi mwaka 2001 na ambaye umri wake unakadiriwa kuwa karibu miaka milioni 7, na Orrorin wa vilima vya Tugen, Baringo, nchini Kenya, mwenye karibu miaka milioni 6. Baada yao wanakuja jamii ya Australopithecus, waliotembea kwa miguu miwili huku ubongo wao ukiwa haujazidi sana ule wa sokwe. Maarufu kuliko wote ni yule mwanamke aliyefukuliwa Hadar, Ethiopia, mwaka 1974, ambaye dunia inamwita Lucy na Waethiopia wanamwita Dinkinesh. Aliishi kama miaka milioni 3.2 iliyopita.

Jenasi yetu wenyewe, Homo, inaonekana kwa mara ya kwanza katika taya lililopatikana Ledi-Geraru, Ethiopia, lenye miaka milioni 2.8 hivi. Jambo la kukumbuka katika orodha hii ni kwamba miguu ilitangulia kichwa: tulianza kutembea wima mamilioni ya miaka kabla ubongo haujakua.

3. Je, binadamu waliwahi kuishi pamoja na dinosaria?

Hapana. Dinosaria wakubwa walitoweka miaka milioni 66 iliyopita. Dinosaria wa Tendaguru, mkoani Lindi, ambao mifupa yao ilichimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913 na sasa imesimama Berlin, waliishi kama miaka milioni 150 iliyopita, yaani zamadamu wa kwanza wako karibu zaidi na sisi kuliko walivyokuwa karibu na dinosaria hao, tena kwa mbali sana.

4. Umri wa mifupa hujulikanaje, wakati haikuandikwa tarehe?

Kwa vitu vya kale sana, mara nyingi kinachopimwa ni tabaka la majivu ya volkano lililo juu au chini ya mfupa, wala si mfupa wenyewe. Majivu hayo yana madini ya potasiamu, na sehemu ndogo ya potasiamu hugeuka kuwa gesi ya argoni kwa kasi isiyobadilika. Kadiri argoni ilivyojikusanya ndani ya chembe za jiwe, ndivyo muda ulivyopita tangu volkano ilipolipuka. Mfupa uliobanwa kati ya matabaka mawili ya majivu una umri ulio kati ya hayo mawili.

Kwa vitu vya karibuni, kama mkaa wa jikoni au mfupa wa mtu aliyezikwa, hupimwa kaboni, lakini njia hiyo haivuki miaka 50,000 hivi, kwa kuwa zaidi ya hapo kaboni inayopimwa inakuwa imekwisha. Ndiyo maana mtu akikuambia kwamba fuvu la Olduvai lilipimwa kwa kaboni, amechanganya mambo.

## Olduvai, Laetoli na Turkana

5. Je, Zinjanthropus ndiye babu yetu, kama tulivyofundishwa shuleni?

Swali hili huulizwa kwa uchungu kidogo, kwa sababu vizazi vya wanafunzi wa Afrika Mashariki vilikariri jina hilo vikiamini ndilo la mtu wa kwanza. Asubuhi ya tarehe 17 Julai 1959, mtafiti Mary Leakey alikuwa akitembea peke yake na mbwa zake katika Korongo la Olduvai, mumewe Louis akiwa amelala kambini na homa, alipoona kipande cha mfupa kimechomoza kwenye mteremko. Lilikuwa fuvu lililovunjika vipande mamia, ambalo Louis alilipa jina la Zinjanthropus boisei. Neno Zinj ni lile ambalo waandishi Waarabu walilitumia kuuita upwa wetu, na ndilo lililomo ndani ya jina Zanzibar. Boisei lilimtaja Charles Boise, aliyefadhili utafiti. Upimaji wa argoni ulipofanyika, umri ulitoka miaka milioni 1.75, na dunia ya kitaaluma, iliyokuwa ikikisia umri mdogo kuliko huo, ilishtuka.

Hata hivyo, baadaye ilidhihirika kwamba Zinj ni binamu. Magego yake ni mapana mno, na juu ya fuvu ana tuta la mfupa lililoshika misuli mikubwa ya kutafuna. Kemia ya meno inaonyesha kwamba alikula zaidi nyasi na mimea ya jamii ya ndago. Leo anaitwa Paranthropus boisei, na tawi lake lilikatika zaidi ya miaka milioni moja iliyopita. Wakati wa uhai wake, katika bonde lilelile, waliishi pia zamadamu wa jenasi ya Homo, na mmoja wao, aliyepewa jina la Homo habilis mwaka 1964, alitokana na mifupa iliyopatikana Olduvai kwenyewe. Kwa hiyo korongo halikupoteza heshima yake. Lilitoa binamu na ndugu wa karibu zaidi katika eneo moja, na hilo ni kubwa kuliko kutoa babu mmoja. Fuvu halisi la Zinj linahifadhiwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam.

6. Jina sahihi ni Olduvai au Oldupai?

Oldupai ndilo neno la Kimaasai, na ni jina la mkonge pori unaoota kwa wingi pale. Wageni Wajerumani walilisikia vibaya na kuandika Olduvai, na kosa hilo likaenea ulimwenguni. Majina yote mawili yanatumika. La Kimaasai lina haki ya uzaliwa.

7. Nyayo za Laetoli zilihifadhikaje kwa miaka milioni tatu na zaidi?

Kwa bahati ya mambo matatu kufuatana. Volkano ilimwaga majivu laini, yakatanda juu ya ardhi kama unga. Mvua nyepesi ikanyesha na kuyalowesha, kiasi kwamba hata vitobo vya matone vimebaki. Kisha viumbe wakapita juu yake kabla hayajakauka. Majivu ya aina ile yakilowa kisha yakapigwa na jua huganda kama saruji. Baadaye majivu mengine yakaanguka na kufunika kila kitu.

Ugunduzi wenyewe ulianza kwa mchezo. Mwaka 1976 watafiti kadhaa waliokuwa wageni kambini walikuwa wakirushiana mavi makavu ya tembo, mmoja akaanguka akijaribu kukwepa, na alipokuwa chini akaona ardhi ina alama za wanyama. Miaka miwili baadaye timu ya Mary Leakey ikazifikia nyayo za zamadamu, mstari wa takribani mita 27 wenye nyayo zipatazo 70, na umri wake ni miaka milioni 3.66. Ukiziangalia kwa karibu unaona kisigino kimezama, tao la unyayo limeinuka, na kidole gumba kimeelekea mbele sawa na vingine, wakati cha sokwe kimechepuka kama dole gumba la mkono. Mahali fulani mmoja wao alikanyaga ndani ya nyayo za mwenzake aliyetangulia, kama sisi tunavyofanya tukipita kwenye matope.

Nyayo hizo zilifukiwa upya kwa utaalamu katika miaka ya 1990 ili mizizi ya miti na mvua visiziharibu. Wengi hufika Laetoli wakitarajia kuziona, wakaondoka wamekasirika, lakini kufukiwa ndiko kulikozitunza mara ya kwanza, na ndiko kunakozitunza sasa.

8. Zana za kwanza za mawe zilitengenezwa na nani?

Zana kongwe zinazojulikana zilipatikana Lomekwi, magharibi mwa Ziwa Turkana, mwaka 2011, na zina miaka milioni 3.3. Umri huo unazidi ule wa kisukuku (mabaki ya kale ya kiumbe) chochote cha Homo kilichopatikana, kwa hiyo ama Homo ni wa zamani kuliko tunavyoona, ama waliozichonga hawakuwa Homo kabisa. Zana za aina ya Olduvai, yaani jiwe la mtoni lililopigwa na jingine mpaka likatoa makali, zinaanzia kama miaka milioni 2.6.

Kutoka hapo mabadiliko yanakwenda kwa mwendo wa kinyonga. Mashoka ya mkono, yaliyochongwa pande zote mbili yakafanana na tone la maji, yanaonekana Turkana miaka milioni 1.76 iliyopita, kisha yanaendelea kutengenezwa kwa zaidi ya miaka milioni moja bila badiliko kubwa. Mtu anayetaka kuyaona yalipoachwa aende Olorgesailie, kusini magharibi mwa Nairobi, au Isimila, karibu na Iringa. Akiyashika yanayofaa kushikwa ataona yanavyokaa kiganjani, na kwamba mengine ni makubwa mno kwa matumizi yoyote tunayoweza kuyafikiria.

9. Kwa nini visukuku vingi vinapatikana Afrika Mashariki? Je, hapa ndipo mahali pekee binadamu alipoanzia?

Maswali haya ni mawili, na kosa la kawaida ni kulijibu la pili kwa kutumia la kwanza. Bonde la Ufa lina kila kinachohitajika ili mfupa uhifadhike na uonekane: maziwa na mito inayozika mifupa kwenye tope, volkano zinazotoa majivu ya kupimia umri, na ardhi inayopasuka na kumomonyoka mpaka yaliyozikwa yakarudi juu. Kwenye misitu ya mvua ya Afrika ya Kati na Magharibi, udongo una asidi inayoula mfupa kabla ya muda mrefu kupita. Fuvu la Chadi lililotajwa katika swali la 2 lilipatikana kama kilomita 2,500 magharibi mwa Bonde la Ufa, na hilo peke yake ni onyo.

Kisukuku kimoja cha Turkana hakipaswi kuachwa bila kutajwa. Mwaka 1984, Kamoya Kimeu, fundi Mkenya aliyekuwa na jicho lisilo na mfano, aliona kipande kidogo cha fuvu kati ya kokoto nyeusi za Nariokotome. Kilichofukuliwa hatimaye ni karibu kiunzi kizima cha kijana wa Homo erectus aliyeishi miaka milioni 1.5 hivi iliyopita, mrefu, mwenye mwili wa mtu wa nchi ya joto. Vitabu vingi viliwataja waliosimamia utafiti na kumsahau aliyeona.

## Binadamu wa leo

10. Homo sapiens alianza lini na wapi?

Afrika, kama miaka 300,000 iliyopita. Mafuvu ya Jebel Irhoud, Moroko, yana umri huo na sura iliyokaribia yetu, ingawa ubongo wao ulikuwa bado mrefu kwa umbo. Yale ya Omo Kibish, Ethiopia, yana angalau miaka 230,000. Wataalamu wengi sasa hawatafuti bustani moja tulikozaliwa. Wanaona jamii mbalimbali zilizotawanyika barani, zikitengana wakati jangwa linapopanuka na kuchanganyika tena mvua zinaporudi.

11. "Mtoto" wa Panga ya Saidi ni nani?

Ni mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu aliyezikwa katika pango la kaunti ya Kilifi, pwani ya Kenya, miaka 78,000 iliyopita. Taarifa zake zilichapishwa mwaka 2021, na watafiti walimpa jina la Kiswahili, Mtoto. Hilo ndilo kaburi kongwe zaidi la binadamu wa leo linalojulikana barani Afrika.

Mifupa ilikuwa imeoza kiasi kwamba ikiguswa inakuwa vumbi, hivyo donge zima la udongo lilikatwa, likafungwa kwa plasta, likapelekwa Nairobi na baadaye maabara nchini Hispania ili lifukuliwe chembe kwa chembe. Ilionekana kwamba mtoto alilazwa kwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani, kiwiliwili kimeviringishwa kwa kitu kilichokwisha kuoza, pengine jani au ngozi, na kichwa kiliinama kwa namna inayoonyesha kilikuwa kimewekewa mto. Anayejua jinsi maiti inavyolazwa kwa ubavu wa kulia katika mazishi ya pwani leo asiharakishe kuunganisha mambo hayo mawili, kwani kati yake kuna miaka elfu sabini na zaidi. Hata hivyo ni vigumu kusoma maelezo yale bila kumwona mzazi.

12. Watu walitokaje Afrika, na walimkuta nani huko?

Homo erectus alikuwa ametangulia: mifupa ya Dmanisi, Georgia, ina miaka milioni 1.8 hivi. Binadamu wa leo walitoka mara kadhaa, lakini wimbi lililoacha uzao mkubwa nje ya Afrika lilitoka kati ya miaka 70,000 na 50,000 iliyopita. Huko walikuta wenyeji. Ulaya na Asia ya Magharibi kulikuwa na Waneanderthali, watu wenye miili mipana na yenye nguvu waliowinda wanyama wakubwa na kuzika wafu wao. Mashariki zaidi kulikuwa na Wadenisova, waliotambuliwa mwaka 2010 kwa vinasaba vya mfupa mdogo wa kidole kutoka pango la Siberia.

Vinasaba vya Mneanderthali vilisomwa mwaka 2010 na timu ya Svante Pääbo, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2022, na vilithibitisha kwamba watu walizaa nao. Karibu asilimia 2 ya vinasaba vya mtu asiye na asili ya Afrika ni vya Kineanderthali. Waafrika nao wana kiasi kidogo, kilicholetwa na watu waliorudi. Waneanderthali wenyewe walitoweka kama miaka 40,000 iliyopita.

13. Kwa nini rangi za ngozi zinatofautiana, na je, kuna "rangi" za binadamu zilizo tofauti kwa asili?

Ngozi inafuata jua. Mionzi mikali huharibu folati mwilini, ambayo mjamzito anaihitaji sana, hivyo karibu na ikweta ngozi yenye melanini nyingi, yaani rangi asilia ya ngozi, ilisaidia. Kaskazini, ambako jua ni haba, ngozi nyeusi ilizuia mwili kutengeneza vitamini D ya kutosha. Mabadiliko hayo ni ya karibuni kuliko wengi wanavyodhani: vinasaba vya mtu aliyeishi Cheddar, Uingereza, miaka 10,000 iliyopita vinaonyesha kwamba huenda alikuwa na ngozi nyeusi na macho ya buluu.

Kuhusu sehemu ya pili: tofauti kubwa zaidi za vinasaba ziko ndani ya Afrika yenyewe. Waafrika wawili kutoka jamii mbili ambazo kwa macho zina weusi uleule wanaweza kutofautiana kivinasaba kuliko Mnorwe na Mchina. Ngozi ni kipimo kibaya cha undugu.

14. Je, Wahadzabe ni watu wa Zama za Mawe waliobaki?

La. Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi ni watu wa karne hii kama sisi wote, wenye historia ndefu kama ya mtu mwingine yeyote. Wanawinda na kukusanya asali, mizizi na matunda ya mbuyu kwa sababu maisha hayo yamewafaa, na vichwa vya mishale yao ni vya chuma. Wanaweza kutufundisha kuhusu uwindaji na ukusanyaji, lakini si dirisha la kuchungulia miaka milioni iliyopita.

## Kilimo, miji na maandishi

15. Kwa nini watu waliacha uwindaji wakaanza kulima?

Hali ya hewa ilitulia na kupata joto kama miaka 11,700 iliyopita, enzi ya barafu ilipokwisha, na ndani ya miaka elfu chache kilimo kikazuka sehemu mbalimbali bila watu wake kujuana: ngano na shayiri Mashariki ya Kati, mpunga China, mahindi Mexico. Afrika ilifuga mimea yake yenyewe: mtama mashariki mwa Sudan kama miaka 5,000 iliyopita, uwele katika eneo la Mali, ulezi na tefu katika nyanda za juu za mashariki. Mahindi na mihogo ni wageni waliovuka bahari baada ya 1492, kwa hiyo ugali wa sembe, tunaouita chakula cha mababu, ni mdogo kwa umri kuliko Msikiti Mkuu wa Kilwa.

Wengi wanadhani kilimo kilileta afya. Mifupa inasema vingine: wakulima wa mwanzo katika sehemu nyingi walikuwa wafupi kuliko wawindaji waliowatangulia, meno yao yakioza zaidi. Shamba lilitoa chakula kingi kwa eneo dogo, watoto wakazaliwa wengi, na kijiji kilichokuwa na watu mara tatu hakikuweza tena kurudi porini.

16. Wabantu walitoka wapi?

Mpakani mwa Kamerun na Nigeria ya leo, miaka 4,000 hadi 5,000 iliyopita. Ushahidi wa kwanza ni lugha: Mswahili anasema mtu, Mganda omuntu, Mkongo muntu, Mzulu umuntu, na mfanano wa namna hiyo katika mamia ya maneno hauwezi kuwa wa nasibu. Walifika eneo la Maziwa Makuu karibu miaka 2,500 iliyopita wakiwa na vyungu vya mtindo wa Urewe na ufundi wa kuyeyusha chuma, kisha wakafika pwani katika karne za kwanza BK. Hawakukuta ardhi tupu. Walikuta wafugaji waliozungumza lugha za Kikushi, pamoja na wawindaji, na wakaoana nao.

17. Ustaarabu ulianzia wapi, na maandishi yalianza kwa ajili gani?

Jiji la kwanza kubwa linalojulikana ni Uruk, kusini mwa Iraki, ambako maandishi yalitokea kama mwaka 3300 KK. Mtu anayetarajia mashairi atavunjika moyo: vibao vya kwanza vya udongo ni hesabu za shayiri, kondoo na posho ya pombe. Misri ilikuwa na maandishi yake karibu wakati huohuo, China ilipata yake baadaye, na watu wa Amerika ya Kati, Wamaya wakiwa miongoni mwao, wakabuni ya kwao bila kuelekezwa.

Kuhesabu kwenyewe ni kwa kale zaidi. Mfupa wa Ishango, uliopatikana mwaka 1950 kando ya Ziwa Edward, Kongo, una mikato iliyopangwa makundi makundi na umri wa kama miaka 20,000. Makundi hayo yanahesabu nini, kila mtaalamu ana lake. Kwa upande wa miji, Afrika ilikuwa na Kerma kule Nubia, Jenne-jeno nchini Mali kuanzia karne ya 3 KK, Aksum, Zimbabwe Kuu, na Kilwa, ambayo Ibn Battuta aliitembelea mwaka 1331 na kuisifu.

18. Je, Waswahili ni Waarabu, Waajemi au Waafrika?

Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2023, uliohusisha watu 80 waliozikwa pwani na bara ya karibu kati ya 1250 na 1800, ulikuta kwamba wengi wao walikuwa na mchanganyiko: upande wa kina mama ulitoka hasa Afrika, na upande wa kina baba, kwa sehemu kubwa, ulitoka Asia, hasa Uajemi, mchanganyiko huo ukianza kama mwaka 1000 BK. Uzao wa Kiarabu unaongezeka baadaye. Kwa hiyo masimulizi ya Washirazi, ambayo wanahistoria wa karne iliyopita waliyaona kama ngano, yalikuwa na kiini cha kweli, na lugha iliyobaki nyumbani ni ile ya mama. Tahadhari moja: makaburi mengi yaliyochunguzwa ni ya watu wenye hadhi, na waliozikwa bila jiwe hawakupimwa.

19. Kwa nini mambo yalikwenda mbio katika miaka 250 iliyopita?

Kwa sababu ya nishati. Mpaka karne ya 18, kazi zilifanywa kwa misuli ya watu na wanyama, upepo, maji na kuni. Injini ya mvuke iliyoboreshwa na James Watt, aliyeipatia hataza mwaka 1769, ilifungua ghala la makaa ya mawe. Watu duniani walikuwa kama bilioni 1 mwaka 1800. Kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa walifika bilioni 8 Novemba 2022.

## Maswali yenye utata

20. Je, mageuko ya binadamu yamekoma?

Hayajakoma, na ushahidi mzuri uko kwetu. Mtoto anayerithi jeni ya selimundu kwa wazazi wote wawili huugua sana, lakini anayeirithi kwa mmoja tu hupata kinga kubwa dhidi ya malaria kali. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alilionyesha hilo mwaka 1954, na ndiyo sababu jeni hiyo imejaa mahali penye mbu na haba nyanda za juu.

Mfano wa pili ni maziwa. Mtu mzima kwa kawaida hupoteza uwezo wa kumeng'enya sukari ya maziwa. Wafugaji wa Ulaya waliupata kwa badiliko moja la jeni, na wafugaji wa Tanzania na Kenya, kama utafiti wa 2007 ulivyoonyesha, waliupata kwa badiliko lao tofauti, ndani ya miaka elfu chache tangu ng'ombe waje. Anayeumwa tumbo akinywa maziwa kwa kukosa uwezo huo hana ugonjwa. Ana jeni za zamani.

21. Je, elimu hii inapingana na dini?

Waumini wenyewe wamegawanyika. Papa Yohane Paulo II alisema mwaka 1996 kwamba nadharia ya mageuko ni zaidi ya dhana tu, na wako wanazuoni Waislamu wanaoikubali kwa viumbe vingine huku wakimweka Adam pembeni, kama walivyo Wakristo na Waislamu wanaoikataa kabisa. Majibu yaliyotolewa hapa yanahusu mifupa, mawe na umri wake. Nani aliyekusudia yawe hivyo ni swali ambalo argoni haiwezi kulipima.

22. Nimeokota mfupa wa ajabu, au jiwe linalofanana na shoka, shambani. Nifanye nini?

Lirudishe ulipolitoa kama umeliinua, lipige picha likiwa mahali pake pamoja na kitu cha kulinganisha ukubwa, kama sarafu au jembe, kisha toa taarifa kwa makumbusho au ofisi ya mambo ya kale iliyo karibu. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 na Kenya ina sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006, na zote zinakataza kuuza vitu hivyo bila kibali.

Sababu ya kutokigusa ni ile ya swali la 4: bila tabaka, mfupa hauna umri. Mwaka 1913 Mjerumani Hans Reck alifukua kiunzi cha mtu Olduvai ndani ya tabaka la kale sana, na kwa miaka karibu ishirini kulikuwa na ubishi kwamba huyo ni binadamu wa leo mwenye umri wa ajabu. Mwishowe ilibainika kwamba mtu huyo alizikwa miaka 17,000 hivi iliyopita, na waliomzika walichimba kaburi mpaka wakafikia tabaka la kale. Kingo za kaburi hilo zilikuwa zinasomeka kwenye udongo wenyewe, kwa anayetazama kabla ya kufukua.